Ofisi ya kesi tu au ofisi ya kila kitu? Kwa wadogo zangu wanaosoma sheria huku Kusini

Msimu wa kutafuta fildi ukikaribia swali linakuwa lile lile, mtu yuko mwaka wa pili au wa tatu wa sheria, kwao Masasi au Nachingwea au hapa hapa Chuno, Mtwara mjini, anauliza kaka niombe kwenye ofisi ya mawakili wanaofanya kesi tu au niombe zile kampuni kubwa za Dar zinazofanya kila kitu? Na majibu anayopewa mengi ni ya kishabiki. Aliyekulia mahakamani atamwambia wakili asiyesimama mbele ya jaji sio wakili, aliyekulia kwenye mikataba atamwambia kesi ni umaskini na presha, yani kila mtu anasifia njia aliyopita yeye. Nataka tulifungue hili swali taratibu mana ndani yake kuna mambo kadhaa yamefungwa pamoja, na yakibaki hivo hivo utachagua kwa kuangalia bango la mlangoni wakati bango halitakuambia utashika faili gani.

Kwanza tuelewane tunaongelea nini. Ofisi ya kesi tu inaishi kwa migogoro. Mteja anakuja ameshagombana na mtu au yuko njiani kugombana, kazi ya ofisi ni kuandaa hati ya madai au majibu yake, viapo, mapingamizi, kupanga mashahidi, kusimama mahakamani au kwenye baraza au mbele ya muamuzi, na baada ya hapo rufaa. Mkataba wa mkopo wa benki hawaandiki, kampuni hawasajili, ukiwapelekea hizo kazi wanakuelekeza kwa mwenzao. Ofisi ya kila kitu ni kampuni yenye idara, kuna watu wa benki na fedha, watu wa kodi, wa madini na nishati, wa ajira, wa ardhi, wa alama za biashara, na idara ya kesi nayo ipo humo humo ndani. Mteja anaingia mlango mmoja na kila tatizo lake linapelekwa kwa watu wake.

Sasa kuna aina ya tatu ambayo ndo nyingi huku kwetu na watu wanaichanganya na ya pili. Wakili wa Mtwara mjini au Lindi au Masasi mwenye ofisi ya vyumba viwili, asubuhi yuko Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, mchana anagonga muhuri kwenye kiapo cha mtu aliyepotelewa na cheti, jioni anaandika mkataba wa kuuziana kiwanja, kesho yake ana mirathi. Huyu anafanya kila kitu kwa sababu mkoani shida zote zinaingia kwa mlango huo huo, lakini sio ile kampuni ya kila kitu tunayoiongelea, hana idara, hana patna (wakili mbia mwenye kampuni) wa kodi wa kumuuliza, anajiuliza mwenyewe. Kwenye kampuni yenye idara utawekwa sehemu moja na utaijua mpaka chini, kwa huyu wa vyumba viwili utagusa mambo mengi kidogo kidogo ila utamuona mteja kuanzia siku anayoingia analia mpaka siku hukumu inasomwa. Na ukiangalia wiki yake nzima imekwenda wapi utakuta sehemu kubwa imekwenda kwenye mahakama na mabaraza, kwaiyo kwa vitendo yuko karibu zaidi na ofisi ya kesi kuliko anavyojitangaza.

Hili swali lenyewe, kwa namna linavyoulizwa siku hizi, asili yake ni Marekani na ndo mana linakuja na majibu ya Marekani. Kule mtu anasoma sheria miaka mitatu baada ya digrii ya kwanza, kampuni kubwa zinamchukua afanye kazi likizo ya kiangazi baada ya mwaka wa pili, akifanya vizuri anaahidiwa ajira kabla hajavaa joho. Kampuni za kesi tu nyingi hazina haraka hiyo, zinapenda mtu ambaye baada ya chuo amekaa kwanza na jaji mwaka mmoja au miwili akimfanyia utafiti na kumsaidia kuandaa maamuzi, alafu ndo aje. Na usifikiri kesi tu maana yake ofisi ndogo. Susman Godfrey ya Houston ilianza 1980, Quinn Emanuel ilianza Los Angeles mwaka 1986 na sasa ina mawakili zaidi ya 1,000, wote hao kazi yao ni migogoro, mkataba wa kuunganisha makampuni hawaugusi.

Kwa nini mteja mwenye hela zake aiache kampuni yenye kila idara aende kwa hao? Sababu kubwa kuliko zote ni mgongano wa maslahi. Wakili haruhusiwi kumshtaki mteja wake mwenyewe kwa ajili ya mteja mwingine, na kampuni yenye idara ya benki ina wateja benki, kwaiyo siku mtu anataka kuishtaki benki hiyo kampuni inakaa pembeni. Mwaka 2011 mamlaka ya serikali ya Marekani inayozisimamia Fannie Mae na Freddie Mac, mashirika yanayonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji, ilizifungulia kesi benki kubwa kwa ajili ya dhamana za mikopo ya nyumba zilizouzwa kabla ya mtikisiko wa 2008, na Quinn Emanuel walibeba sehemu kubwa ya kesi hizo, jambo ambalo kampuni inayoishi kwa kazi za benki hizo isingeweza. Hapo unaona kwamba kufanya kesi tu ni uamuzi wa kibiashara, unakataa kazi za mikataba ili ubaki huru kumshtaki karibu yoyote.

Lakini kuna jambo lingine la kule ambalo watu wanalibeba kuja nalo huku bila kulipima. Mwaka 1962 kesi za madai kwenye mahakama za shirikisho za Marekani zilizofika mpaka kusikilizwa na kutolewa uamuzi kwa ushahidi zilikuwa asilimia 11.5, mwaka 2002 zikawa asilimia 1.8. Nyingine zote zinaisha kwa makubaliano au kwa uamuzi wa kwenye makaratasi. Kwaiyo wakili kijana kule anaweza kukaa miaka kwenye kampuni kubwa anapanga nyaraka na hajawahi kumhoji shahidi hata mmoja, na kampuni za kesi zinamvuta kwa kumuahidi kwamba kwetu utasimama mapema. Hiyo ahadi kule ni dhahabu. Huku kwetu hali ni tofauti kabisa, ukishaapishwa na Jaji Mkuu na ukawa na cheti cha kufanyia kazi cha mwaka husika unaweza kusimama Mahakama Kuu wiki inayofuata, na huku Mtwara kesi zinasikilizwa, mashahidi wanapanda kizimbani, mzee wa Tandahimba anaulizwa mpaka wa shamba la mikorosho ulikuwa kwenye mti gani. Shida yetu haiko kwenye kupata nafasi ya kusimama. Shida ni nani yuko nyuma yako ukiwa umesimama, nani alisoma ile hati kabla hujaipeleka, na hapo ndo ofisi zinatofautiana sana hata zenye bango linalofanana.

Tuchukue mfano wa huku huku ili hizi idara zisibaki maneno. Ruangwa kuna madini ya kinywe (grafiti), tuseme kampuni inataka kufungua mgodi. Inahitaji leseni kutoka Tume ya Madini. Inahitaji kukaa na Serikali, mana tangu mabadiliko ya 2017 Serikali inapata hisa zisizopungua asilimia 16 kwenye mgodi bila kuchangia mtaji, kwaiyo kuna kampuni ya ubia, kuna mkataba wa wanahisa, kuna majadiliano ya miezi. Inahitaji mkopo, na mkopeshaji yuko nje ya nchi anataka dhamana juu ya leseni, mitambo na hisa. Kuna wanakijiji wenye mashamba na makaburi ya wazee wao ndani ya eneo, inatakiwa tathmini na fidia. Kuna mikataba ya wakandarasi, ya ajira, kuna kodi, kuna bima. Karibu yote hayo ni kazi ya kuandika na kujadiliana, mahakamani huendi, na hiyo ndo kazi ya kampuni ya kila kitu, idara tano sita zinashughulika na mteja mmoja kwa wakati mmoja. Alafu kanuni za 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania kwenye sekta ya madini zinataka huduma za kisheria zinazohitajika hapa nchini zitolewe na mawakili wa Kitanzania au ofisi ya Kitanzania, kwaiyo hizi kazi kwa sheria ni zetu. Tatizo ni kwamba zinafanyika Dar. Mawakili wanatua Mtwara asubuhi, wanaingia barabarani kwenda Ruangwa, wanalala siku mbili wanarudi. Ukitaka kazi hiyo ukiwa umekaa Lindi mjini unasubiri kitu ambacho sa hivi bado hakijaja, na mradi wa gesi asilia wa Likong'o ambao watu wameusubiri miaka mingi nao nyaraka zake hazitaandikwa Lindi, nalisema hili kwa uchungu ila ni bora ulijue ukiwa mwaka wa tatu kuliko ukiwa umeshapanga ofisi.

Sasa turudi kwa mwanakijiji ambaye fidia yake anaona imepunjwa. Anaenda kwa nani? Ile kampuni ya Dar haiwezi kumchukua, mteja wake ni mgodi. Anakuja kwa wakili wa huku, au kwa wasaidizi wa kisheria wanaofanya kazi chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Kwa hiyo swali la ofisi gani ni swali pia la upande gani wa meza. Sisemi upande mmoja ni wa watu wema na mwingine ni wa watu wabaya, mgodi ukiandikiwa mkataba mzuri wa fidia na wakili makini wanakijiji wanafaidika kuliko mgodi ukiwa hauna wakili. Ila kama ndani yako unajua kilichokupeleka kusoma sheria ni shamba la bibi yako lililochukuliwa, basi fikiria vizuri kabla hujaingia mahali ambapo kwa kanuni za taaluma hutaruhusiwa kumtetea mtu kama bibi yako, na mgongano huo hautakuwa kosa la mtu yoyote.

Huku mkoani mgongano unabana kuliko hata Dar kwa sababu tuko wachache. Chama cha msingi cha ushirika kina wakili wake, mkulima mwenye malipo ya korosho yaliyochelewa anataka kukishtaki chama, anakuta wakili wa kwanza ndo wa chama, wa pili ni wa chama kikuu cha ushirika, wa tatu ni wa mnunuzi. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani, ule wa korosho kuwekwa ghalani kwa risiti na kuuzwa kwa mnada, uanze kwenye korosho mwaka 2007 mnyororo umekuwa mrefu, kuna mkulima, chama cha msingi, chama kikuu, ghala, benki, mnunuzi, na kila mmoja anaweza kugombana na mwenzie. Ofisi inayokataa kazi za kudumu za vyama na benki ili ibaki na uwezo wa kuchukua kesi ya yoyote ina nafasi huku, naamini hivo kabisa, na sioni nyingi zinazojipanga hivyo kwa makusudi.

Mfano mwingine mkubwa uko Nachingwea na vijana wengi wa huku hawaujui. Ntaka Hill, mradi wa nikeli. Mabadiliko ya sheria ya madini ya 2017 na kanuni zake yakafuta leseni za kuhodhi maeneo, zile za kushikilia eneo kabla ya kuanza kuchimba, kampuni ya Indiana Resources ya Australia na wenzake wakaipeleka Tanzania kwenye kituo cha usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji cha Benki ya Dunia, ICSID. Julai 2023 Tanzania ikaamriwa kulipa takriban dola milioni 109.5, na mwaka 2024 pande mbili zikamalizana kwa dola milioni 90. Mgogoro wa ardhi ya Nachingwea, ukasikilizwa na waamuzi wa kimataifa. Hiyo nayo ni kazi ya kesi, tena ya juu kabisa, kwaiyo mtu akikwambia ofisi za kesi ni za kugombea mipaka ya viwanja na wizi wa kuku muonyeshe hiyo. Na Serikali yenyewe iliona umuhimu wa kutenganisha, mwaka 2018 ikaanzisha Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali ambayo kazi yake ni kesi za madai na usuluhishi kwa niaba ya Serikali, mikataba na ushauri vikabaki kwa Mwanasheria Mkuu, na jinai ikakaa kwenye Ofisi ya Taifa ya Mashtaka. Yani kama unapenda kesi na hutaki ofisi binafsi, hiyo ni ofisi ya kesi tu ya nchi nzima, watu wanaisahau wakipiga hesabu zao.

Nirudi kwenye kesi za kila siku mana ndo zitakazokulisha. Uzuri wa kukaa na watu wa kesi ni kwamba wanakufundisha kitu ambacho chuo kinakigusa kwa mbali, muda na utaratibu. Mtu ameachishwa kazi, ana siku 30 kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, migogoro mingine ya kazi siku 60. Ameshindwa kule, ana wiki sita kuomba Mahakama Kuu ipitie ile tuzo, yani uamuzi wa Tume. Ameshindwa Baraza la Ardhi na Nyumba, ana siku 45 kukata rufaa Mahakama Kuu. Ameshindwa Mahakama Kuu kwenye madai na anataka kwenda Mahakama ya Rufani, kusudio la rufaa linatakiwa ndani ya siku 30. Ukisoma kitabuni ni namba tu, lakini ukikaa ofisini ukaona mama wa Newala ana haki ya wazi kabisa kwenye shamba la marehemu mume wake na anatupwa nje kwa kuwa alikuja siku ya 50, hutazisahau tena, na utaanza kuuliza tarehe kabla hujauliza jina. Alafu Mahakama Kuu Kanda ya Mtwara inahudumia mikoa yote miwili, Mtwara na Lindi, rufaa ya mtu wa Liwale inakuja hapa, na Mahakama ya Rufani inakuja kufanya vikao hapa hapa, kwaiyo kijana wa fildi anaweza kuona ngazi zote kwa nauli ya bodaboda. Dar ofisi kubwa inaweza kukuficha chumba cha nyaraka miezi miwili.

Ila nisiwadanganye upande wa pili. Kuna siku nyingi za kesi ambazo hamna unachojifunza, unaenda kesi inatajwa, shahidi hajaja, inaahirishwa, mnarudi. Kuna kushika brifu, wakili wa Dar hawezi kuja anamuomba wa huku asimame kwa niaba yake, unasimama kwa dakika tatu unasema tunaomba tarehe, na ukiwa mgeni unaweza kumaliza mwaka unaombea watu tarehe ukadhani umekuwa mwanasheria wa mahakamani. Hizo kazi zenyewe zinapungua mana mahakama siku hizi inapokea nyaraka kwa mfumo wa kielektroniki na mashauri mengine yanasikilizwa kwa video. Ukiingia ofisi ya kesi angalia kama unapewa hati za kuandika au unapewa tarehe za kufuatilia, ni vitu viwili tofauti.

Na kampuni ya kila kitu ina kitu kimoja ambacho ofisi ndogo ya kesi mara nyingi haina, nacho ni marekebisho. Unaandika barua ya ukurasa mmoja inarudi imejaa wino, unaiandika tena, inarudi tena. Inachosha na inaumiza moyo. Lakini baada ya mwaka unaandika vizuri kuliko mwenzako aliyekuwa anapeleka hati zake mahakamani moja kwa moja bila mtu mwingine kuzisoma. Pia huko utajifunza Kiingereza cha mikataba, na hapa nataka niwe wazi, sheria ilibadilishwa 2021 Kiswahili kikawa lugha ya mahakama na nafurahi sana, mteja wangu sasa anaelewa kinachosemwa juu ya maisha yake, lakini mikataba ya migodi, gesi na mikopo inaandikwa kwa Kiingereza na usaili wa kampuni kubwa unapima uandishi wako wa Kiingereza kabla ya kitu kingine. Ukitoka shule zetu za kata huku Kusini hilo pengo unalo, halihusiani na akili yako, ila linazibwa kwa kuandika kila wiki kuanzia mwaka wa kwanza, sio kwa kusubiri usaili.

Hela. Kampuni kubwa inaishi kwa malipo ya kila mwezi ya wateja wa kudumu na malipo ya saa, mara nyingi kwa dola, kwaiyo mshahara wako unakuja tarehe yake. Ofisi ndogo ya kesi inaishi kwa malipo ya faili, mteja analipa nusu mwanzoni, nyingine msimu wa korosho, nyingine hailetwi kabisa. Huku malipo ya wakili yanafuata mnada, Oktoba mpaka Januari simu zinapokelewa, Mei kimya. Ukiwa na wadogo wa kusomesha hilo ni jambo la kupima, usimuonee mtu aibu kwa kuchagua mshahara wa uhakika.

Watu wanauliza pia, nikikosea njia naweza kurudi? Hapa natoa maoni yangu na nayasimamia. Aliyeanzia kwenye kesi akahamia mikataba anakuja na jicho zuri, ameshaona mikataba ilivyovunjika, anajua kifungu gani kitabishaniwa. Aliyekaa miaka sita kwenye mikataba alafu akataka kuanza kusimama mahakamani anapata tabu zaidi, sio kwa kukosa sheria, ni ule ujasiri wa kujibu swali la jaji papo hapo, na kuanza upya mbele ya wateja na wenzako ukiwa na miaka thelathini na tano ni kazi. Kwa karatasi kwaiyo kesi kwanza ndo njia yenye mlango wa kurudia. Lakini mlango huo una sharti, kampuni ya Dar haitakuchukua kwenye idara ya madini kwa sababu tu umefanya kesi za mipaka ya mashamba miaka mitatu, ukitaka kuhama baadae tafuta tangu mwanzo ofisi ya kesi inayogusa migogoro ya biashara, ya ajira, ya kodi, hata kama ni michache.

Na kabla ya yote hayo kuna pale Sinza, Dar, Law School, shule ya sheria kwa vitendo unayopita baada ya digrii ili uwe wakili. Bila kupita hapo mjadala wote huu unabaki wa nadharia. Mwaka 2022 matokeo yalitikisa nchi, wanafunzi 633 na waliofaulu moja kwa moja 26, mpaka waziri akaunda kamati. Pamoja na ubishi wote uliofuata, kitu kinachopimwa pale ni vitendo, kudrafti, utaratibu wa mahakama, kumhoji shahidi, maadili. Mtu ambaye fildi zake za chuo zilikuwa za kweli anafika pale ameshaona hati ya madai halisi, mwenzake anaiona kwa mara ya kwanza. Hii peke yake inanifanya nimshauri mtu wa mwaka wa pili na wa tatu fildi yake ya kwanza aifanyie kwenye ofisi ya kesi huku nyumbani, hata kama moyo wake uko kwenye mikataba, alafu ya pili aombe kampuni yenye idara kama ana ndugu wa kumpokea Dar.

Utaijuaje ofisi kabla hujaingia? Usiulize watu, watakupa sifa. Ingia TANZLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, hukumu ziko wazi na ni bure, tafuta za Mahakama Kuu Mtwara, soma zile za miaka miwili mitatu ya karibuni. Kwenye hukumu nyingi utakuta mawakili waliosimama wametajwa. Baada ya jioni chache utajua nani kweli anafanya kesi, za aina gani, upande gani, na muhimu zaidi zinaishaje, mana kuna ofisi ambayo rufaa zake zinatupwa kwa makosa ya utaratibu moja baada ya nyingine na hiyo sio sehemu ya kujifunzia utaratibu. Kwa kampuni kubwa angalia kama majina ya vijana yanatokea pembeni ya patna au ni patna peke yake kila mara. Ukishapata nafasi ya kuongea nao uliza nani atakuwa anasoma ninachoandika, uliza kijana aliyekuwa hapa mwaka jana alisimama mbele ya nani mara ya kwanza na baada ya muda gani, uliza ofisi imewahi kukataa mteja kwa mgongano na ilikuwaje. Anayekujibu kwa mfano wa kazi halisi, bila kutaja mteja, huyo anafanya hizo kazi. Anayekujibu kwa ukubwa wa ofisi endelea kuuliza.

Barua yako pia isiwe ile ya kunakili. Kama unaomba ofisi ya kesi ya Mtwara taja hukumu moja uliyoisoma ambayo wao walisimama, sema kwa sentensi mbili hoja gani ilikuvutia au ulidhani ingejibiwa vingine, ambatanisha kitu ulichoandika mwenyewe. Kama unaomba kampuni ya Dar onyesha kwamba unajua kazi zinazotoka kwenu, korosho, simsim, kinywe, gesi, bandari, mana mtu anayeelewa chama cha msingi kinavyofanya kazi na anayeweza kukaa na wazee wa Nachingwea wakamsikiliza, huyo wanamhitaji siku tathmini ya fidia inapoanza, na wengi walioko kule hawana hicho. Peleka mapema, miezi mitatu kabla, na ofisi za huku peleka kwa mkono, umevaa vizuri, asubuhi kabla hawajaenda mahakamani.